Haditeili ya bei ya kati Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali hurudi kila mara kwa hivyo tumeyaweka mahali pamoja. Haditeili hapa ni ile baiskeli ya mlimani yenye shoki mbele peke yake, nyuma fremu imekaza. Bei ya kati ni kila kitu kati ya ile ya supamaketi na ile ambayo ukitaja bei nyumbani unaulizwa kwani umenunua gari.

Kwa nini haditeili na si ile ya shoki mbele na nyuma?

Matunzo. Shoki ya nyuma inakuja na maungio, kila ungio lina beringi zake, shoki yenyewe ina sili (mipira ya kuzuia mafuta yasitoke) na mafuta yake, halafu Nairobi ina vumbi la Februari na tope la Aprili na vyote viwili vinaingia mahali havijaitwa. Haditeili haina hiyo story. Na kwa pesa ileile unapata forki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ndiyo yenye shoki) nzuri zaidi na breki nzuri zaidi, juu hakuna pesa imeenda nyuma. Njia nyingi za huku, Karura, mashamba ya chai ya Tigoni, Kikuyu, hazihitaji zaidi ya hapo. Zile za shoki mbili zinazouzwa bei ya kutupa achana nazo kabisa, nyuma ni springi tu, ukikanyaga inadunda na nguvu yako inaishia hapo.

Bei ya kati ni pesa ngapi haswa?

Baiskeli inafuata dola na ushuru, so namba ya leo kesho inaweza kuwa uongo, lakini ikiwa mpya na ya maana fikiria laki moja kwenda juu. Badala ya kukariri bei, angalia vitu vinne: forki ya hewa na si ya springi, breki za haidroli na si za waya, gia moja mbele na 10 ama 12 nyuma, na fremu ambayo pale shingoni, mahali forki inaingia, imenenepa chini ili siku moja uweze kuweka forki bora. Ikikosa kimoja si mbaya. Ikikosa vitatu hiyo ni baiskeli ya kuanzia iliyopakwa rangi poa.

Na usinunue jina lililo kwenye fremu. Trek Marlin, Giant Talon, Specialized Rockhopper, Scott Aspect, zote ni familia, ndani kuna ya chini na ya juu. Mtu anakuambia "hii ni Marlin" na unafurahi, kumbe Marlin 4 na Marlin 8 zinafanana kwa mbali tu, ukiinama kuangalia forki na gia ni dunia mbili. Uliza namba, halafu uangalie kwa macho yako kama vifaa bado ni vile ilitoka navyo kiwandani.

Nichukue mtumba ama mpya?

Mtumba wa Ulaya unaweza kukupa baiskeli bora sana kwa nusu ya pesa, na pia unaweza kukupa mzigo. Tofauti ni dakika ishirini za kuikagua kabla ya kutoa M-Pesa. Igeuze juu chini uangalie fremu mahali pameungwa kwa welding, hasa shingoni na pale pedali zinapita, ufa huanza kama unywele chini ya rangi, na ukiona stika mpya imebandikwa mahali pa ajabu ibandue. Pitisha kidole kwa zile nguzo za forki, zikiwa na kutu ama mikwaruzo inayoshika ukucha, sili zitakatika na hiyo forki ni ya kutupa. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma, ukihisi kitu kinacheza shingoni kuna kazi hapo. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Kisha iendeshe kwa kilima, gia zote, maana gia zikiwa hewani hazina uzito kila kitu kinaonekana sawa.

Muuzaji akikataa uijaribu, mwambie asante.

Cheni na meno yake vimeisha? Hiyo si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Magurudumu ya inchi 29, 27.5 ama 26?

29 kama wewe si mfupi sana, inapita juu ya mashimo na mizizi bila kukwama. 27.5 ni poa kwa mtu mfupi, na kampuni nyingi siku hizi fremu ndogo huweka 27.5 zenyewe. 26 faida yake ni moja tu, tairi na tyubu utapata hadi kwa kiosk cha mtaa, lakini tairi nzuri za 26 zinazidi kupotea. Kitu watu wengi hawajui: rimu ya 29 ina kipimo kilekile cha ndani na 700C ya baiskeli za barabarani, yaani milimita 622, so ukikwama Limuru bila tyubu na kuna mtu ana ya 700C, inaweza kukufikisha nyumbani ukienda pole pole.

Mimi ni mrefu 5'8", nichukue saizi gani?

Mara nyingi M. Lakini kila kampuni inapima kivyake, angalia chati yao. Simama katikati ya baiskeli na viatu, kama ile bomba ya juu inakugusa pabaya, ni kubwa. Muuzaji akikuambia "utaizoea" anajaribu kutoa stoki iliyobaki.

Spea zinapatikana hapa?

Hili ndilo swali la kuuliza kwanza kabla ya rangi, kabla ya uzito, kabla ya kila kitu, na watu hulileta mwisho wakiwa tayari wamelipa. Vitu vya kawaida havina shida: tyubu, tairi, cheni, waya za gia, padi za breki za Shimano, pedali. Shida huanza kwa vitu vyenye umbo la kampuni moja.

Cha kwanza ni hanga. Hiki ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika direla ya nyuma (ile inayohamisha cheni kati ya gia) kwenye fremu, na kimetengenezwa makusudi kiwe laini, baiskeli ikianguka upande wa kulia kinapinda ama kinavunjika ili fremu ipone. Sasa fremu nyingi zina hanga zake, ya Giant mara nyingi haiingii kwa Trek, na hata kampuni moja inabadilisha kulingana na modeli na mwaka. Kipande kidogo hivyo kinaweza kulaza baiskeli ya laki moja na nusu wiki kadhaa ukingoja mtu aje nayo kwa begi kutoka nje. Siku unanunua baiskeli, agiza hanga mbili, moja weka ndani ya begi la kuendea, moja nyumbani. Usingoje.

Cha pili ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambapo kaseti, lile rundo la meno ya gia, inakaa. Zenye mtindo wa Shimano HG ndizo rahisi kuishi nazo, zinakubali kaseti nyingi za kawaida, hata zile za Shimano Cues ambazo zilitoka 2023 na zimetengenezwa zidumu. Deore ya Shimano yenye gia 12 inataka habu ya Micro Spline, gia nyingi za juu za SRAM (kampuni pinzani) zinataka ya XD, ni nzuri lakini kaseti moja ikiisha utasikia kwa mfuko. Kwa msee wa kuendesha kila wiki hapa Nairobi, gia 10 za HG zinatosha na zinabaki.

Breki pia: Shimano zinatumia mafuta ya mineral, SRAM nyingi zinatumia DOT (aina ya mafuta ya breki kama ya gari), na ukimruhusu mtu aweke moja badala ya nyingine sili zinavimba na breki imeenda. Soma maandishi kwenye kifuniko cha leva. Usikubali "mafuta ni mafuta".

Pancha kila wiki, nifanyeje?

Kama unaishi ama unapita Lavington, Karen, Loresho, Runda, adui wako si msumari, ni mchongoma. Ile fensi ikikatwa matawi yanabaki kando ya njia, mwiba unakauka unakuwa mgumu kabisa, unaingia kwenye tairi wima na mara nyingi unakatikia ndani. Kwa nje huoni kitu. Unabadilisha tyubu, unajaza, unafika kona ya kwanza, pssss. Unalaumu tyubu ya bei rahisi na kumbe ni mwiba uleule.

Kwa hivyo kabla ya kuweka tyubu nyingine, pitisha vidole ndani ya tairi mzunguko mzima, pole pole sana juu utakudunga, na ukihisi kitu kinakwaruza kisukume kutoka ndani uking'oe nje na plaisi ama hata na neilkata. Kisha tazama tyubu: shimo moja dogo ni mwiba, mashimo mawili yaliyopangana sambamba ni rimu imeuma tyubu juu upepo ulikuwa kidogo ukagonga ukingo wa lami. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake tofauti.

Upande wa Ngong kushuka Kiserian na Magadi Road ni miiba ya migunga, hiyo hata usijaribu na tyubu nyembamba.

Tyublesi inasaidia kweli?

Sana, kwa Nairobi pengine hakuna badiliko lingine lenye thamani hiyo. Unatoa tyubu, unaweka silanti ndani ya tairi, mililita 100 hivi kwa tairi la 29, mwiba ukiingia maji yale yanaziba yenyewe na unaendelea kupiga story. Masharti: rimu na tairi viwe vimeandikwa kwamba vinakubali tyublesi, tepu ya rimu iwe ile ya kazi hiyo na si selotepu, na ukumbuke silanti inakauka, kwa joto na hewa kavu fungua uangalie kila baada ya miezi miwili mitatu. Watu huweka mara moja wanasahau, halafu wanasema tyublesi ni uongo. Bado beba tyubu moja.

Naweza jaza upepo petroli stesheni?

Kama valvu ni ile nene ya gari, ndio. Kama ni ile nyembamba ya Presta unahitaji adapta, kitu kidogo cha shaba, nunua mbili maana moja itapotea. Ila pampu ya petroli ina nguvu na tairi la baiskeli ni dogo, jaza kwa vipande vifupi. Kijana wa pale akikuuliza "ngapi" usimwambie "jaza tu". Mtu wa kilo 75 kwenye tairi la 29 lenye upana wa 2.25 na tyubu, psi (kipimo cha upepo) 28 hadi 32 inatosha, ukiwa tyublesi shuka 22 hadi 26. Ile 50 watu huweka inakurusha kwenye kila kokoto.

Breki zinapiga yowe, ni mbaya?

Zikilia asubuhi na umande kisha zinanyamaza, ni maji tu. Zikilia na hazishiki, kuna mafuta, na mara tisa kati ya kumi ni mtu alipuliza dawa ya spreyi kwa cheni na ikatua kwenye diski. Futa diski na isopropili na kitambaa safi, toa padi uzisugue kidogo na msasa, na kama zimenyonya mafuta badilisha tu. Padi mpya au diski mpya zinataka kuzoeshwa: tafuta mahali pa wazi, endesha kasi kiasi, shika breki polepole hadi karibu usimame, rudia mara ishirini hivi bila kufunga gurudumu. Bila hiyo utasema breki ni feki.

Shoki inapangwa aje? Nilinunua ikiwa hivyo.

Vaa vile huvaa ukiendesha, panda, mtu akushikie, sukuma kile kipira kidogo kwenye nguzo kiende chini, shuka bila kudunda. Forki ya milimita 100 inafaa kuwa imezama kama 20 hadi 25 kwa uzito wako tu. Imezama sana ongeza hewa, haijazama punguza, na pampu ni ile ya shoki, si ya tairi. RockShox wanasema miguu ya chini ifunguliwe isafishwe kila saa 50 za kuendesha. Najua karibu hakuna mtu hufanya hivyo, lakini angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua, tafadhali.

Naweza ipeleka kwa wale wa kuosha magari?

Unaweza, kama unataka kununua beringi. Ile presha inasukuma maji na mchanga ndani ya habu, shingo na pale pedali zinapita. Ndoo moja, sabuni ya vyombo, brashi ya viatu, mswaki wa zamani kwa meno ya gia, basi. Ikauke, kisha mafuta ya cheni, tone moja kwa kila kiungo, zungusha, halafu futa yaliyobaki nje. Cheni inayong'aa kwa mafuta inakusanya vumbi na kuwa msasa. Oil ya injini iliyotumika, ile nyeusi, hapana.

Cheni nibadilishe lini?

Nunua kile kipimo cha cheni, kinachoonyesha asilimia ambayo imerefuka kwa kuchakaa, ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili hivi. Gia 11 na 12 badilisha ikifika 0.5, gia 10 kushuka chini ikifika 0.75. Ukichelewa cheni inakula kaseti na unanunua vyote.

Fundi wa mtaa anaweza kuishughulikia?

Inategemea nini. Fundi wa jua kali aliyelelewa na Black Mamba, zile baiskeli nzito za zamani, ananyoosha rimu kwa macho na spoki spana kuliko vijana wengi wa maduka yenye taa nyeupe, na pancha, waya, hedseti (beringi za shingo) ya kawaida, mpe bila wasiwasi. Breki za haidroli na ndani ya forki, mpeleke mtu mwenye vifaa vyake. Alama moja ya kumpima: mwambie afungue pedali ya kushoto. Hiyo nyuzi zake zimegeuzwa, inafunguka upande wa saa. Akianza kuivuta upande wa kawaida na kuitisha nyundo, chukua baiskeli yako kwa heshima, mwambie mzee nitarudi.

Niendeshe wapi?

Karura kwanza, ule msitu aliopigania Wangari Maathai. Njia ziko na alama, askari wa msitu wapo, unalipa kiingilio kwa simu, na unapata kivuli, vijito na vilima vya kutosha kukutoa jasho bila kuogopa matatu. Wikendi kuna watoto, wakimbiaji na mbwa, piga kengele na upunguze. Ukitaka kasi njoo mapema siku ya wiki.

Baada ya hapo, Tigoni na Limuru, barabara za udongo katikati ya majani chai, mlima juu mlima chini. Ngong Hills ni ngumu kuliko zinavyoonekana kwa picha, kilele ni mita 2,460 na upepo wa pale juu, usione ile mitambo ya umeme imewekwa kwa urembo, unaweza kukusukuma kando ya njia. Enda kikundi, na uulize kwanza kuhusu usalama wa sehemu za nyuma. Hell's Gate kule Naivasha ni siku nzima, ni moja ya mbuga chache unaruhusiwa kuingia na baiskeli ukapita karibu na pundamilia na twiga. Nyati mpe nafasi yake.

Mvua ikinyesha?

Ngoja siku moja mbili. Udongo mwekundu wa Karura na Kikuyu unateleza lakini unatoka. Ule mweusi wa Kitengela, Syokimau na Athi River ni kesi nyingine, unajikunja kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linasimama lenyewe, na hapo unabeba baiskeli begani ikiwa na uzito mara mbili. Ukilazimisha kukanyaga, direla inavutwa kwenye spoki na hanga imeenda. Tafuta kijiti, kwangua, tembea.

Naweza kuenda nayo kazi?

Ndio, na hapa haditeili inashinda zote, maana mifereji isiyofunikwa, matuta yasiyo na rangi na lami iliyomenyeka hazikushtui. Thika Road na Ngong Road kuna njia za pembeni za baiskeli, ambazo utashiriki na nduthi, mama wa mahindi na gari lililopaki kidogo tu, "narudi saa hii". Expressway usijaribu, baiskeli haziruhusiwi. Kwa lami tupu, funga shoki kama ina kifungio na ongeza upepo kidogo. Taa nyuma hata mchana, na matatu ikiwa mbele yako karibu na steji chukulia mlango utafunguka.

Matatu hukubali kubeba?

Asubuhi na jioni sahau. Mchana ongea na makanga kabla ya kupanda, bei ikubaliwe chini. Ukitoa magurudumu ingie nyuma, laza upande wa direla ukiwa juu, na katikati ya padi za breki weka kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa, hata cha pakiti ya maziwa, juu mtu akigusa leva bila diski ndani, padi zinafungana na utashuka Limuru huna breki.

Wizi je?

Ilale ndani ya nyumba. Si kwa ngazi, si kwa parking ya ploti hata kama kuna soja. Piga picha ya namba ya fremu, huwa chini pale pedali zinapita, weka na risiti. Ikipotea hiyo namba ndiyo utaandikisha polisi upate OB (namba ya ripoti), bila hiyo unaeleza tu "ni nyeusi na ni nzuri". Ukinunua mtumba na namba imekwaruzwa, wacha.

Kuna watu wa Nairobi wamefika mbali na hizi baiskeli?

Chris Froome alizaliwa hapa 1985, na alianza kwa MTB (baiskeli ya mlimani) akifundishwa na David Kinjah upande wa Kikuyu, kabla ya kushinda Tour de France 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Vile vilima bado vipo, na vijana wanavipanda kila siku.

Nina elfu kumi na tano zimebaki, nibadilishe nini kwanza?

Kama huna helmeti, hiyo. Kisha tairi, hasa la mbele, lile lilikuja na baiskeli mara nyingi ni gumu na halishiki kona. Kisha pedali pana zenye pini. Siti ya kushuka kwa kitufe ni tamu sana ukianza kuteremka vitu vya maana, lakini pima kwanza upana wa bomba ya siti, 27.2, 30.9 ama 31.6, imeandikwa kwenye ile nguzo ya siti ukiivuta nje, na muuzaji atakuuliza hiyo namba kabla ya kitu kingine.